Kodi imepanda kweli, au ni maneno ya dalali? Namna ya kulinganisha bei za nyumba Dar es Salaam mwaka kwa mwaka

Mkataba wangu wa pili pale Tabata ulikuwa umebakiza wiki tatu mwenye nyumba aliponiita uani na kuniambia kodi inapanda kutoka laki moja na nusu hadi laki mbili, kwa kuwa "mtaa mzima umepanda". Sikuwa na la kumjibu. Nilijua ninacholipa mimi tu. Jirani wa mlango wa pili analipa ngapi sikujua, wala mwaka uliotangulia chumba na sebule cha aina yangu kilikuwa kinakwenda kwa kiasi gani. Nikalipa. Miezi miwili baadaye nikapata habari kwamba kwenye nyumba ya tatu kutoka kwetu, vyumba vya ukubwa uleule vilikuwa vimeishia laki na sabini. Tangu siku hiyo nina kaunta buku ya bei.

Wenzetu wa Kenya wana kampuni kama HassConsult inayotoa fahirisi ya bei na kodi za nyumba, yaani kipimo cha zinavyopanda na kushuka, kila robo mwaka, Nairobi ikichambuliwa mtaa kwa mtaa. Kwetu Dar, mpangaji wa Tabata Kimanga au Mbagala Rangi Tatu hana pa kufungua aone chumba na sebule kimepanda kwa asilimia ngapi. Lazima ajitengenezee mwenyewe. Kazi yenyewe ni Jumamosi mbili kwa mwaka, daftari, na simu yenye kikokotoo.

Amua unapima nini

Ukisema "nyumba za Sinza" hujasema kitu. Ndani ya Sinza kuna chumba kimoja chenye choo cha pamoja, chumba masta, chumba na sebule, nyumba ya vyumba vitatu yenye fensi, na apatimenti ya ghorofani yenye mlinzi getini. Kila kimoja kina soko lake na wapangaji wake. Mwaka ambao wanafunzi wamejaa, vyumba masta vinaweza kupanda huku nyumba nzima zikikaa miezi mitano bila mtu.

Chagua aina moja, ile unayoishi au unayoitaka. Kisha chagua eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja. Tabata ni kubwa mno: Kimanga, Segerea, Bima na Liwiti haziwekwi kapu moja. Mimi huchukua mtaa wangu na miwili inayopakana nao, nikitoka barabara ya daladala kuelekea ndani. Hiyo ya "kuelekea ndani" iandike pia, maana nyumba iliyo dakika tatu kutoka kituoni na iliyo dakika ishirini za kupanda bodaboda si bei moja hata zikifanana tofali kwa tofali.

Nyumba kumi zinatosha kuanzia. Ukipata kumi na tano, vizuri zaidi. Chini ya saba, nyumba moja yenye bei ya ajabu itakuharibia picha yote.

Unachoandika kwa kila nyumba

Andika kitu kitakachokurudisha kwenye nyumba ileile mwakani: "geti la bluu nyuma ya msikiti", "ghorofa lisilopakwa rangi". Usiandike majina ya watu, hayana kazi hapa. Kisha:

- kodi ya mwezi iliyolipwa, na pembeni yake iliyotajwa kwanza;
- miezi inayotakiwa kwa mkupuo: mitatu, sita au kumi na miwili;
- umeme: LUKU yako peke yako au mnachangia;
- maji: ya DAWASA, kisima, au ya kununua kwa ndoo;
- choo na jiko: vya ndani au vya pamoja;
- fensi, marumaru, dari, na sehemu ya kuegesha gari kama ipo;
- mpangaji ni mpya au wa zamani, na tarehe ya bei hiyo.

Mstari wa miezi ndio watu wengi huuruka, nao ndio wenye siri nyingi. Mwenye nyumba anaweza kuacha kodi pale pale laki mbili, lakini mwaka jana alikuwa anachukua miezi mitatu, laki sita, na mwaka huu anataka sita, milioni moja na laki mbili. Kwenye karatasi kodi haijapanda. Mfukoni mwako, siku ya kulipa, umebanwa mara mbili. Huwa nalihesabu hili kuwa dalili kwamba soko limekaza, hata asilimia ikisoma sifuri. Na kinyume chake kipo: mwenye nyumba aliyekuwa anadai mwaka mzima akianza kukubali miezi mitatu, jua vyumba vyake vinakaa wazi.

Umeme nao una jambo lake. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500. Mzigo huo ni wa mwenye jengo, ila anayenunua umeme ni mpangaji. Wachache hukumbuka kudai ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Ukitaka hesabu yako iwe safi, iandike.

Bei ya kutajwa na bei ya kulipwa

Bango la "Nyumba inapangishwa" na picha za madalali wa Instagram na makundi ya WhatsApp vinakupa bei ya kutajwa. Hiyo ni bei ya mtu ambaye bado hajapata anachotaka. Bei ya kulipwa anaijua aliyelipa. Kwa hiyo chanzo chako bora ni wapangaji waliohamia miezi ya karibuni, na njia ya kuwapata ni ya kawaida kabisa: muuza genge, fundi wa kuchomea, dada wa saluni, mjumbe. Usiulize "unalipa kodi ngapi", ni swali la kumvua mtu nguo. Uliza "vyumba vya hapa vinaendaje sasa hivi, kuna ndugu yangu anatafuta". Atakutajia bei yake bila kusema ni yake.

Bei ya kutajwa usiitupe. Iandike pembeni, maana pengo kati ya hizo mbili linasema mengi. Mwaka jana walitaja laki mbili na ishirini wakaishia laki mbili. Mwaka huu wanataja laki mbili na nusu wanaishia laki mbili na elfu tano. Dalali atakuambia bei imepanda kwa elfu thelathini. Daftari lako litakuambia elfu tano.

Bango linalokaa kwenye ukuta uleule tangu Machi hadi Agosti ni taarifa tosha. Andika tarehe ulipoliona mara ya kwanza. (Lile la "NYUMBA HII HAIUZWI, MATAPELI KAENI MBALI" ni habari nyingine, ila ukianza kuyaona mengi mtaa mmoja, jua ardhi ya hapo imeanza kutamaniwa.)

Mwezi uleule

Kulinganisha bei ya Januari na ya Mei iliyopita ni kujidanganya. Dar ina misimu ya kupanga. Januari shule zinafunguliwa, mikataba mingi inaisha, watu wanahama. Karibu na vyuo, Sinza, Makongo, Ubungo Msewe, Oktoba na Novemba wanafunzi wanapigania vyumba. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, watu hawapendi kuhama matopeni, na nyumba za mabondeni kando ya Mto Msimbazi zinakosa watu kabisa.

Kwa hiyo kama daftari lako lilianza Februari 2024, rudi Februari 2025, na Februari tena. Jumamosi ya pili niliyoitaja huwa naiweka Agosti, ili nione kama masika yamelainisha bei. Ile ya Agosti nailinganisha na Agosti tu.

Hesabu

Kanuni ni moja: bei ya mwaka huu, toa ya mwaka jana, gawa kwa ya mwaka jana, zidisha kwa 100. Kutoka 160,000 hadi 180,000 ni 20,000 gawa kwa 160,000, yaani asilimia 12.5. Kosa la kugawa kwa bei mpya nimeliona hata kwa watu wenye digrii.

Ugumu uko kwenye kuziunganisha nyumba nyingi kuwa jibu moja. Chukua mfano huu, ni wa kubuni lakini jambo lenyewe hutokea kila mwaka. Mwaka wa kwanza una nyumba tisa, kwa maelfu: 120, 130, 150, 150, 160, 180, 200, 250 na 450. Hiyo ya 450 ni mpya, ina fensi na kiyoyozi. Ukizijumlisha na kugawa kwa tisa unapata wastani wa 199,000 hivi.

Mwaka unaofuata mwenye ile ya 450 ameigeuza ofisi, haipangishwi tena kwa makazi. Umeijaza nafasi yake kwa nyumba nyingine ya 140. Zile nane za zamani sasa ni 130, 140, 160, 150, 180, 200, 220 na 260. Wastani mpya wa tisa ni 176,000 hivi. Umeshuka kwa karibu asilimia 12! Lakini tazama tena: katika nyumba nane ulizoziona miaka yote miwili, saba zimepanda na moja imebaki palepale. Hakuna hata moja iliyoshuka. Kilichobadilika ni mchanganyiko wa nyumba, bei zenyewe zimepanda.

Dawa yake ni kulinganisha nyumba na nafsi yake. Tafuta asilimia ya kila nyumba iliyomo kwenye orodha zote mbili: hapa ni 8.3, 7.7, 6.7, 0, 12.5, 11.1, 10 na 4. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati. Ziko nane, kwa hiyo unachukua mbili za kati, 7.7 na 8.3, na jibu ni asilimia 8. Nyumba iliyotoka na iliyoingia hazihesabiki mwaka huu. Hiyo mpya itaanza kazi mwakani.

Nyumba iliyofanyiwa ukarabati nayo itoe. Mwenye nyumba akiweka marumaru na kuvuta maji ndani, nyongeza yake ya elfu hamsini ni bei ya marumaru na bomba, na mtaa hauhusiki.

Tenganisha pia wapangaji wapya na wa zamani. Wenye nyumba wengi wa Dar hawapandishi kidogo kidogo kila mwaka. Wanamwacha mpangaji mtulivu miaka mitatu kwenye laki na nusu, halafu siku moja wanaruka hadi laki mbili. Ukimpima mpangaji wa namna hiyo utaona sifuri, sifuri, kisha asilimia 33 ghafla, wakati mtaa ulikuwa unapanda taratibu muda wote. Bei ya soko la leo iko kwa aliyehamia juzi. Bei ya mpangaji wa zamani inakuonyesha unachoweza kukipata kwa kukaa vizuri na watu.

Kwa sababu ya miruko hiyo, ukishapata miaka minne usiridhike na jibu la mwaka mmoja. Kutoka 150,000 hadi 200,000 ndani ya miaka minne ni asilimia 33 kwa jumla, lakini kwa mwaka ni kama 7.5, maana kila mwaka unapanda juu ya uliotangulia. Huwezi kugawa 33 kwa nne ukapata jibu.

Toa mfumuko wa bei

Shilingi ya mwaka huu si ile ya mwaka jana. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza mfumuko wa bei kila mwezi, na wastani wa mwaka umekuwa mdogo: asilimia 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023, 3.1 mwaka 2024. Kodi ya mtaa wenu ikipanda kwa asilimia 8 katika mwaka ambao vitu vyote vimepanda kwa 3.1, ziandike kama 1.08 na 1.031, kisha gawa ya kwanza kwa ya pili: ni 1.048 hivi. Unabaki na asilimia 4.8 hivi, na hapo ndipo nyumba imekuwa ghali kuliko maisha mengine. Mwenye nyumba akija na hoja ya "vitu vimepanda", vilivyopanda vinamlipa asilimia tatu. Zinazozidi atafute sababu nyingine.

Kwa Masaki, Oysterbay na baadhi ya Mikocheni kuna tatizo la dola. Miaka mingi nyumba za huko zimetajwa kwa dola. Dola ilikuwa inazungukia shilingi 2,300 hadi 2022, na 2024 ikavuka 2,600. Nyumba ya dola 500 isiyopanda hata senti ilimkuta mlipaji wa shilingi akiongeza kutoka 1,150,000 hadi 1,300,000, asilimia 13. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo rekodi ya kabla ya hapo ibadilishe kwa kiwango cha dola cha mwezi husika, si cha leo.

Tafuta sababu kabla ya kutabiri

Asilimia bila sababu haikusaidii kuamua. Dar barabara hubeba bei mgongoni. Mwaka 2016 mwendokasi ulianza safari za Kimara hadi Kivukoni mwezi Mei, na daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili. Aliyekuwa anategemea pantoni kwenda Kibada akapata njia ya gari, ingawa ya kulipia. Barabara hiyohiyo inaweza kukuondoa: upanuzi wa Kimara hadi Kibaha uliwaacha watu wakiangalia alama ya X nyekundu ya kubomolewa kwenye kuta zao. Kabla hujasema "huku bei imeshuka, nafuu", tazama kuta.

Ninavyoona mimi, bei hupanda mara mbili: tangazo linapotoka, na mradi unapoanza kazi. Kati ya hapo huwa kuna kipindi cha vumbi na mabomba yaliyopasuka ambapo wapangaji hukimbia na wenye nyumba hulegea. Aliye na uvumilivu wa vumbi hupata mkataba mzuri. Na dalali akikuambia kiwanja kiko "karibu na SGR" kwa kuwa treni zimeanza 2024, muulize kituo ni kipi na treni inasimama pale mara ngapi kwa siku. Reli kupita nyuma ya nyumba ni kelele tu.

Sababu kubwa kuliko zote ni watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, ya 2022 watu 5,383,728: ongezeko la asilimia 23. Pwani ilitoka 1,098,668 hadi 2,024,947, yaani asilimia 84. Mji umemwagikia Kibaha, Mapinga, Vikindu. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuona kodi ya Magomeni ikitambaa huku mwingine akiona bei ya viwanja vya Pwani ikikimbia, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Ukipima viwanja

Njia ni ileile, ila mitego inaongezeka. Kiwanja kisichopimwa huuzwa kwa hatua, "ishirini kwa ishirini", na hatua za nani hawasemi. Nimewahi kupima kwa futi kamba kiwanja cha hatua ishirini nikapata mita kumi na sita upande mmoja. Geuza kila kitu kuwa bei ya mita moja ya mraba kabla ya kulinganisha.

Karatasi nazo zinagawa soko. Kiwanja chenye mkataba wa serikali ya mtaa tu, chenye leseni ya makazi, na chenye hati ni bidhaa tatu. Mtaa ukipimwa katikati ya mwaka bei itaruka, lakini hiyo ni bei ya usalama ulioongezeka. Zipe safu zake kwenye daftari. Bei ya kulipa kwa awamu usiichanganye na ya taslimu. Na bei iliyoandikwa kwenye mkataba wa mauziano iamini nusu, maana wapo wanaoiandika ndogo ili kodi ya serikali iwe ndogo. Kwa kulinganisha, tazama pia viwango vya thamani ya ardhi vya Mthamini Mkuu wa Serikali. Mara nyingi viko chini ya soko, lakini haviongezewi chumvi na dalali.

Siku ya kukaa na mwenye nyumba

Nenda miezi miwili kabla mkataba kuisha, usisubiri wiki tatu kama nilivyofanya. Usianze na asilimia, atakuona mjuaji. Anza na nyumba anazozijua: "Mzee, pale geti la bluu wamekubaliana laki na sabini mwezi uliopita, na kule kwa fundi cherehani kimoja kiko wazi tangu Machi." Kisha toa pendekezo lako lenye namba na miezi: laki na sitini na tano, nitalipa sita kwa mkupuo. Pesa ya mkupuo ina sauti kubwa kuliko hoja yoyote.

Kabla hujatishia kuhama, fanya hesabu ya kuhama. Tuseme unalipa laki mbili na umeona pengine kwa laki na tisini. Kwa mwaka utaokoa 120,000. Dalali atachukua kodi ya mwezi mmoja, 190,000. Bado Kirikuu ya kubeba vitu, pazia zisizotosha madirisha mapya, na kitasa. Mwaka wa kwanza umepata hasara. Pengo likiwa elfu arobaini kwa mwezi, hapo unaokoa 480,000 na unaweza kuanza kufunga makabati. Mwenye nyumba naye muonyeshe hesabu yake, kwa upole: chumba cha laki mbili kikikaa wazi miezi miwili kinampotezea laki nne, na nyongeza ya elfu ishirini aliyoing'ang'ania itachukua miezi ishirini kuzirudisha.

Mara ya mwisho nilifanya hivyo na daftari likiwa kwenye mfuko wa plastiki, sikulifungua. Tulimaliza kwa nyongeza ya elfu kumi, na akaahidi kurekebisha bomba la uani. Bomba bado linavuja. Tarehe ya ahadi nimeiandika.